Alasiri Mwanahawa Alipotaja Maziwa

Mwanahawa tulimzika Jumanne, na Alhamisi nikatakiwa nikakae jukwaani. Ndivyo ilivyotokea. Miguu ilikuwa imenivimba kwa kukaa mkekani msibani kule Temeke, na vijana wa tamasha la vitabu walikuwa wakinipigia simu kila asubuhi kunikumbusha kwamba jina langu limeshatangazwa, kwamba gari litanifuata, kwamba mada yetu ni mwanamke na uandishi. Nikaenda. Nilikaa katikati ya waandishi wawili wa kike, wote umri wa wajukuu zangu, wamependeza, wanasema vizuri, na mbele yetu ukumbi umejaa. Haikupita muda akasimama bwana mmoja wa makamo, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akauliza kwa adabu kabisa: haya mnayoandika nyinyi akina mama, ya uzazi, ya ndoa, ya mwili, ni fasihi au ni malalamiko? Mabinti wale wakawaka. Walijibu kwa nguvu, walijibu vizuri, watu wakapiga makofi. Mie ilipofika zamu yangu nilisema nimechoka, naomba maji. Watu wakacheka wakidhani natania. Sikuwa natania. Swali lile nilikuwa nimeshalisikia, karibu kwa maneno yale yale, nikiwa msichana, bado anatawala Mwingereza, na aliyeulizwa siku ile ndiye tuliyetoka kumsitiri juzi yake.

Nilifikaje Temeke na nilitokea wapi si habari ya leo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimesoma kupita wasichana wengi wa wakati ule, na nilikuwa nimepata kazi ya kumsaidia mama mmoja wa Kiingereza, mke wa ofisa wa serikali, kufundisha darasa la akina mama. Tulimwita Bibi Mzungu, mbele yake na nyuma yake, naye akiitika. Nilipanga chumba kwa Bi Hidaya, mkunga, mjane, mwenye nyumba ile ya miti na udongo iliyoezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa. Ilikuwa nyumba kama nyingine zote za mtaani: ukiingia kuna ukumbi mrefu wenye giza, vyumba huku na huku, na mwisho wa ukumbi mlango wa kutokea uani, ambako ndiko maisha yalikokuwa. Chumba cha mbele kilikuwa cha mwenyewe Bi Hidaya, kinanuka karafuu na mafuta ya nazi. Cha pili walikaa Mama Yohana na mumewe, Wamakonde, Wakristo. Mume akichonga vinyago na kwenda kuviuza mjini, na vipande vya mpingo alivyoviacha ndivyo vilivyotuwashia moto asubuhi. Changu kilikuwa cha mwisho, na jirani yangu alikuwa Mwanahawa na mumewe Athumani, karani wa bandarini. Kuta za nyumba zile hazikufika juu kwenye paa. Ziliishia usawa wa mtu mrefu akinyoosha mkono, na juu yake hewa ilipita chumba hadi chumba, pamoja na kila kilichosemwa. Mtu alijifunza kusema chini. Mtu alijifunza pia kusikia na kunyamaza, na mie mpaka leo nikiulizwa nilisomea wapi uandishi, huwa nataka kusema pale, chini ya paa lile la madebe, jua la saa nane likitupika wote pamoja.

Mwanahawa alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha, na alipokuwa anakanyaga, midomo ilikuwa inacheza. Mwanzoni nilidhani anasoma dua. Ilinichukua muda kujua kwamba anatunga. Alikuwa amesoma chuoni utotoni, akijua kuandika kwa herufi za Kiarabu, lakini tungo zake hakuziandika popote; alizikanyaga kwenye cherehani mpaka zikakaa sawa, beti baada ya beti, halafu akaziacha. "Zinakwenda wapi?" nilimuuliza siku moja. Akacheka. "Zinakwenda na nguo, Zena. Mwenye gauni lake anavaa, hajui kavaa na nini." Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mweusi wa kung'aa, wa miaka ishirini na sita au saba, na nilimpenda kama msichana anavyompenda mwanamke aliyemtangulia kidogo tu. Kulikuwa na jioni tulizopika pamoja, wanawake wote wanne, kila mmoja akileta chake: Bi Hidaya nazi, Mama Yohana muhogo, mie dagaa nikipata, Mwanahawa pilipili na ndimu. Muhogo wa nazi ule, unaoliwa kwa mkono kwenye sinia moja, sijaupata tena mahali, na nimekula kwenye hoteli nyingi tangu hapo.

Mwaka ule ulianza vibaya. Mwanahawa alijifungua mtoto wa kiume, wa tatu, na kama wale wawili waliomtangulia, hakukaa. Wa kwanza alitoka kimya. Wa pili aliishi kidogo. Huyu wa tatu alilia vizuri, akanyonya vizuri, tukaanza kumzoea, na asubuhi moja Mwanahawa akatoka uani amemshika, uso wake mtupu kabisa, akamwambia Bi Hidaya, "Mama, mwangalie huyu." Bi Hidaya akamwangalia, kisha akamchukua mikononi. Wanaume wakaenda kuzika. Sisi tukabaki chumbani, na nakumbuka Bi Hidaya akimfunga Mwanahawa kifua kwa kanga, anavuta mpaka anaweka goti mgongoni, ili maziwa yakauke, na huku anamwambia, "Usilie mwanangu. Ukilia unamzuilia njia. Nyamaza, Mungu atakupa mwingine." Mwanahawa akanyamaza. Kwa siku nyingi hakuna aliyesikia sauti yake, wala cherehani. Maziwa hayakukauka upesi. Alikuwa akitoka chumbani na gauni limelowa kifuani, na wanawake wa mtaani waliokuja kumpa pole walikuwa wanatazama pembeni, kama mtu anavyotazama pembeni mwenzake akijikwaa njiani.

Darasa letu lilikuwa la mambo ya nyumbani. Bibi Mzungu alifundisha kudarizi foronya, kuoka keki kwenye sufuria lililofukiwa makaa, na kuchemsha maji ya kunywa, mie nikatafsiri. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye shingo nyekundu kwa jua, na nafikiri alikuwa mpweke. Siku moja baada ya arobaini ya mtoto, Mwanahawa, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wetu, alirudi darasani, akakaa kwenye cherehani ya darasa, na midomo ikaanza tena kucheza. Bibi Mzungu akaniuliza mwenzangu anasema nini. Nikamwambia anatunga mashairi. Alifurahi kupita kiasi. Akasema kwao kuna mikutano ambapo watungaji wanawake huja kusoma kazi zao na watu wakauliza maswali. Kwa nini na sisi tusiwe na siku yetu? Alikwenda kuzungumza na wakubwa wa ukumbi wa serikali uliokuwa karibu na kwetu, na wakubwa wakampeleka kwa chama cha washairi wa mtaani, ambacho kilikuwa cha wanaume watupu, na mwenyekiti wake alikuwa Maalim Kombo, mtu mwenye sauti nzuri na kanzu safi, aliyeheshimiwa na wengi. Hivyo jambo lililoanzia kwenye cherehani likaishia mikononi mwa Maalim Kombo kabla sie wenyewe hatujalijua vizuri.

Alikuja nyumbani alasiri, akakaa barazani, akaagiza aitwe Bi Hidaya. Sie tulikuwa nyuma ya mlango. Alisema chama kimekubali. Masharti ni machache tu: mada itakuwa Mke Mwema, wanawake watakaa nyuma ya pazia, na tungo zao zitasomwa na mwanachama mwenye sauti ya kufaa, kwa kuwa si vyema sauti ya mwanamke kusikika mbele za watu.

"Maalim," Bi Hidaya akasema, "pazia nakubali. Mada nakubali. Lakini hilo la kusomewa, hapana. Harusini tukiimba mnajaa dirishani, tunawafukuza hamtoki. Leo sauti zimekuwa na nini?"

Maalim alikohoa. Akasema atawaeleza wenzake. Tukasikia viatu vyake vikienda, na nyuma ya mlango Mama Yohana alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtoka kwa kicheko. Hivyo Bi Hidaya, ambaye hakuwahi kutunga ila nyimbo za kuwafunda maharusi, ndiye aliyetupatia sauti zetu. Nalisema hili kwa sababu ya yaliyofuata. Mtu asije akadhani alikuwa mwoga.

Siku zile za kujiandaa ndizo ninazozikumbuka kuliko siku yenyewe. Jioni tulikaa uani tukichambua mchele, na mazungumzo yakarudi pale pale. Bi Hidaya alikuwa na utungo wake tayari, wa mke anayeamka kabla ya jua. Mama Yohana alisema yeye mashairi ya vina hayajui, atasimulia hadithi ya kwao. Mwanahawa alikuwa anapeta.

"Na wewe?" Bi Hidaya akamuuliza.

"Mie huyo mke mwema simjui, mama. Nitamtungaje mtu nisiyemjua?"

"Utatunga nini basi?"

Akatuambia. Hakughani, alisema tu kwa maneno ya kawaida, macho yake kwenye ungo: atatunga habari ya watoto wake, na ya kifua chake. Mama Yohana akasema, "Tunga, dada. Kwetu mama akifiwa analia kwa sauti, mpaka kijiji cha pili wanasikia. Hapa mnawafunga watu vitambaa, mnawaambia kimya. Mie tangu nije pwani nashangaa."

"Wewe hujui," Bi Hidaya akasema. Hakukasirika. Alisema kama mtu aliyebeba mzigo toka mbali. "Nimezalisha mtaa huu mzima. Nimewaona wanawake wakiwa katika hali ambayo waume zao hawajawahi kuwaona, na hakuna nisilolijua. Na kwa kuwa najua, nasema: ya chumbani yabaki chumbani. Mkiyatoa, watawacheka, halafu mtarudi kulala na hao hao waliowacheka. Hayo mashairi yenu yatawafuata mpaka kitandani. Mwanahawa, mumeo anajua?"

"Hajui."

"Basi mwambie."

"Nikimwambia atanikataza, mama. Na akinikataza, nitamtii. Ndiyo maana simwambii."

Nimeshakaa kwenye mikutano mingi ya waandishi wanawake, Dar na nje ya Dar. Nimesikia maneno makubwa ya kitaalamu yakirushwa huku na huku, na mengi ni ya kweli. Lakini kila mara, ukiyavua mavazi yake, nawakuta wale watatu na ungo wao: mmoja anasema lisemwe, mmoja anasema likisemwa litatuumiza sisi wenyewe, na wa tatu ndiye mwenye jambo lenyewe, kachoka, anataka tu kulitua. Siku hizi nikisikia mjadala unaanza huwa natafuta kwa macho yule wa tatu. Mara nyingi hajaalikwa.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Wanaume walikuja wengi, wengine kwa kupenda tungo, wengine kutazama kioja. Katikati palikuwa na pazia la shuka nyeupe zilizoungwa, na nani aliyeziunga kama si Mwanahawa mwenyewe. Upande wetu kulikuwa na mabenchi, watoto, joto, na keki za Bibi Mzungu ambazo hakuna aliyezimaliza. Yeye alikuwa amepewa kiti mbele kabisa, upande wa wanaume, na mie nikakaa kwenye ncha ya pazia ili nimnong'oneze tafsiri. Kwa hiyo niliwaona wote, wa huku na wa kule. Maalim Kombo alikuwa akitangaza, na alimtangaza kila mwanamke kwa jina la mumewe, au la marehemu mumewe. Bi Hidaya alighani utungo wake kwa sauti iliyojaa, wanaume wakaitikia, wakapiga makofi mazuri. Mama Yohana alisimulia hadithi ya mume aliyekuwa akihesabu nyama chunguni kila siku kabla ya kwenda shamba, mpaka siku moja mkewe akampikia chungu chenye maji matupu na kumwomba ahesabu. Wanaume walicheka mpaka wakapiga mapaja, na sidhani kama yupo aliyejiona ndani ya chungu kile.

Kisha Maalim akasema, "Na sasa tumsikilize mke wa Athumani, karani wetu wa bandarini." Athumani mwenyewe alikuwa kazini. Lakini wenzake kadhaa walikuwepo, wametulia mstari wa tatu.

Mwanahawa alisimama. Hakuwa na karatasi. Alianza chini sana, kwa yale mahadhi ya kukanyaga cherehani, na ukumbi ukanyamaza ili usikie. Beti nyingi zimenitoka. Hizi mbili hazijanitoka:

Walinambia nyamaza,
Kilio chaleta kiza,
Mola mbele atajaza
Kile alichokitwaa.

Siku tatu zikafika,
Kifua kikafurika,
Maziwa yakamwagika,
Wa kunyonya kakataa.

Alipolitaja lile neno, maziwa, mwili mzima wa ukumbi ulitikisika. Kuna kijana alicheka, kicheko kifupi cha woga, akakatizwa na mzee aliyekaa kando yake. Wengine walitazama sakafuni. Upande wetu hakuna mwanamke aliyemtazama mwenzake. Niliacha kutafsiri, Bibi Mzungu akanigusa mkono kuniuliza, nikatikisa kichwa. Mwanahawa akaendelea mpaka mwisho, akawataja watoto wote watatu, kila mmoja na ubeti wake, na alipomaliza alibaki amesimama, anahema, kama aliyetoka kupandisha maji mlimani.

Maalim Kombo hakuwa mtu mbaya. Alingoja kidogo, akasema, "Mizani imetimia. Vina vimekaa. Hilo halina ubishi. Ila naomba kuuliza, tena kwa adabu: huu ni utungo, au ni malalamiko?"

Sauti ya Mwanahawa ikatoka nyuma ya shuka. "Maalim, mkeo akifiwa na mtoto hufanya nini?"

"Husubiri. Subira ndiyo dini."

"Basi na mie nasubiri. Hivi mnavyonisikia ndivyo ninavyosubiri."

Manung'uniko yakapita kwenye mabenchi. Mzee mmoja akainuka upande wa wanaume, akauliza kwa sauti: je, na wenzake, hao akina mama wengine, wanaafiki mambo haya kusemwa hadharani? Nilimwona Bi Hidaya akisimama. Kila mtu upande wetu alimtegemea. Akasema, "Mie ndiye niliyewapokea watoto wale, na wote watatu niliwaosha mie. Alichosema ni kweli, hakuna neno aliloongeza. Lakini hakupaswa kusema." Akajitanda buibui lake, akatoka. Wanawake wengine, mmoja mmoja, wakabeba watoto wao wakamfuata. Ukumbi ukawa kimya, na ndani ya kimya kile Bibi Mzungu, ambaye hakuelewa hata neno moja, akaanza kupiga makofi peke yake. Alipiga kwa moyo wote. Aliendelea mpaka akagundua, na uso ukamwiva. Nilisikia uchovu siku ile, na mie msichana mdogo, uchovu uliozidi umri wangu. Mama Yohana alikuwa amemshika Mwanahawa mkono, hamwachii.

Athumani alirudi nyumbani magharibi. Walikuwa wameshamwambia bandarini. Habari ilimfikia kwa mzaha, na kuna mtu alimwuliza mbele za watu kama amekuja na maziwa ya chai. Nilisikia akivua viatu. Nilisikia sahani ikiwekwa mezani na haiguswi. Nilikuwa naogopa kusikia kofi, maana nyumba za jirani tulizoea kusikia, ijapokuwa yeye hakuwahi. Kofi halikuja. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imepasuka:

"Nimeambiwa umewataja wote watatu."

"Nimewataja."

"Na Bi Hidaya umemtaja. Na wanawake waliokuja kukupa pole umewataja. Mie je?"

Nilisikia Mwanahawa akisogeza sahani.

"Mie ndiye niliyewabeba, Mwanahawa. Wote. Mikononi mwangu, mpaka kule. Nikashuka nao chini mwenyewe, nikawalaza. Narudi nyumbani, wewe umefungwa kanga na watu wamekuzunguka, mie naambiwa kaa nje na wanaume. Asubuhi kazini. Mbona mie simo?"

"Hukuniambia kitu, Athumani. Hata siku moja."

"Ningesemea wapi?"

Niliweka mto juu ya kichwa changu nisisikie zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu yule, na nilishindwa, na mpaka leo hili ndilo linalonifanya nishindwe kusema mambo mepesi nikiwekwa jukwaani. Wenzangu wanataka nimtaje adui. Nikimtafuta, namkuta amekaa kwenye ukingo wa kitanda, chakula kimepoa, anauliza mbona yeye hayumo.

Lakini uchungu wake haukumzuia kuwa mtu wa watu wake. Haikupita wiki akafika baba yake mkubwa kutoka Kibamba, mzee mkali mwenye bakora, akakaa barazani akasema jina la ukoo limezungushwa mtaani kama bakuli la uji. Mwanamke asiyelea mtoto, tena anatangaza kwa wanaume habari za kifua chake, wa nini? Athumani alijibu kidogo, kisha akaacha kujibu. Alimwandikia Mwanahawa talaka moja. Mwanahawa alikwenda kukaa Kinondoni kwa mama yake mdogo. Mumewe Mama Yohana alimbebea cherehani kichwani mpaka kituo cha basi, na Bi Hidaya alimfungia mchele, nazi na samaki wa kukaanga, akavifunga vizuri kwa kitambaa safi, akamkabidhi bila kumtazama usoni. Darasa la akina mama likarudi kwenye foronya. Bibi Mzungu alikuwa ameambiwa na mumewe asiingilie mila za watu, nami nikaendelea kutafsiri namna ya kupima unga.

Nilikuwa nikienda Kinondoni kila nilipopata nafasi. Chumba alichopewa kilikuwa kidogo, kinatazama shamba la mihogo, na cherehani ilikaa mlangoni kwa ajili ya mwanga. Nilitegemea kumkuta peke yake. Kila nilipofika nilimkuta na mwanamke. Wanawake nisiowajua, wa Kinondoni, wa Magomeni, siku nyingine mpaka wa Temeke tuliokuwa nao ukumbini siku ile, waliotoka na watoto wao mgongoni wakimfuata Bi Hidaya. Walikuja na kitambaa cha kushona, wengine hawakuja hata na kitambaa. Wakikaa, wanazunguka zunguka kwa maneno, habari za jua na habari za soko, halafu sauti inashuka, na wanaanza. Na mie, husema, nilikuwa na wa kwangu. Alikuwa wa kike. Alikuwa na nywele nyingi. Mwanahawa aliwasikiliza, mguu wake umesimama kwenye kanyagio. Siku moja nilimkuta amelala sakafuni mchana, amejifunika mpaka usoni.

"Unaumwa, dada?"

"Siumwi," akasema ndani ya kanga. "Wale wangu niliwatua pale ukumbini, Zena. Nilidhani nitakuwa mwepesi. Sasa kila anayekuja ananiletea na wa kwake. Nitawaweka wapi wote hao?"

"Waambie wasije."

"Waende wapi?"

Bi Hidaya naye alikuja. Nilikuwepo. Alifika jasho linamtoka kwa mwendo, akakaa kwenye kigoda, akanywa maji, akalalamikia bei ya samaki. Kisha akasema, mbele yangu, bila kubadilisha sauti, kwamba kabla hajawa mkunga, kabla hajaja Temeke, alizaa mapacha, na kwamba hajawahi kuwataja majina kwa mtu yeyote, hata marehemu mumewe. Akawataja. Hakuomba radhi, na Mwanahawa hakumtaka aombe. Alimsindikiza mpaka njiani, wakaachana kama mama na mwanawe.

Nitasema mapema kwamba Athumani na Mwanahawa walirudiana, ili asiye na subira asisumbuke. Waliishi miaka mingi, wakalea binti wa dada yake Athumani kama wao, na Mwanahawa hakusimama tena mbele ya watu kughani. Aliombwa baadaye, enzi za uhuru, mara nyingi, akakataa. Mie ndiye niliyeendelea na kazi hii ya maneno, sijui kama ni kwa sababu nilikuwa na nguvu zaidi au kwa sababu nilikuwa na la kusema kidogo zaidi. Lakini walivyorudiana niliona kwa macho yangu, na ndiyo sehemu ya mwaka ule ambayo sijawahi kuisema jukwaani popote.

Eda ilikuwa inakaribia kwisha. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, mie nimekaa kizingitini nachambua mchicha, Mwanahawa anashona gauni la mteja. Athumani akatokea kwenye njia ya mihogo, amevaa koti la kazini siku ambayo hakuna kazi. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Alisimama nje ya mlango, kofia mkononi.

"Nimekuja kukurejea," akasema. "Kama utakubali."

"Na baba mkubwa?"

"Nimeshazungumza naye. Amekasirika. Atapoa au hatapoa."

Mwanahawa aliendelea kushona. Macho yake yalikuwa yamezama, mikono imekonda. Asubuhi ile walikuwa wameshapita wanawake wawili.

"Kuna jambo jingine," Athumani akasema. Alizungusha kofia. "Nilitaka unitungie. Si cha kwenda kughaniwa mahali. Ubeti mmoja tu, wa mie kuwabeba. Mimi mwenyewe nimejaribu njiani, sijui. Maneno hayaji."

Niliinuka na sinia langu la mchicha niwapishe. Mwanahawa akanionyesha kwa mkono nikae. Aliinua mguu kwenye kanyagio, cherehani ikasimama. Alimtazama mumewe kwa muda, kama mtu anayemwona mgeni na kumtambua taratibu, akasogeza kigoda kwa mguu mpaka kikafika karibu na mlango.

"Leo siwezi kutunga, Athumani. Nguvu sina," akasema. "Kaa hapo. Sema hivyo hivyo, bila vina. Anza na wa kwanza. Mie nimechoka, lakini nasikia."